Old Town Road: Kwani Ile Ngoma Ilitolewa Kantri kwa Kosa Gani?

Mwaka 2019 nilikuwa Moshi kwa ba'mkubwa, mzee wa Jim Reeves yule, wa kantri, ule muziki wa makauboi wa Marekani, kaseti zake zipo kwenye kabati la vyombo hadi leo na mkanda ukijikunja anaurudisha kwa kalamu, nikamuunganishia simu kwenye kispika kidogo nikamwekea ngoma ambayo wakati ule dunia nzima ilikuwa inaibishania. Zikaingia zile nyuzi za banjo za mwanzo, lile gitaa la tumbo la duara, mzee akatikisa kichwa taratibu, "enhee". Halafu biti ikadondoka, besi ikaingia, glasi juu ya meza zikaanza kulia, mzee akakiangalia kile kispika kama kimemtukana. Ila alisikiliza mpaka mwisho, na mwisho wenyewe hauko mbali maana ngoma nzima ni dakika moja na sekunde 53, kisha akauliza, "Farasi nimemsikia. Ng'ombe wake wako wapi?"

Nilicheka sana siku ile, baadaye ndo nikaja kushtuka kwamba mzee aliuliza swali lile lile waliloliuliza Billboard, lile jarida la Marekani linalopanga chati za muziki, tofauti ni kwamba yeye hakuwa na chati ya kumtoa mtu.

Wimbo ni Old Town Road wa Lil Nas X. Na stori yake ukimuuliza mtu yeyote anakupa hivi: dogo mweusi kaimba kantri, wazungu wakamfukuza kwenye chati, Billy Ray Cyrus, mkongwe wa kantri mzungu, akaja kumuokoa, wakapanda wote namba moja, kwisha. Tamu kusimulia. Shida ni kwamba kila kipande chake kina ukweli nusu nusu, na hicho kipande cha Billy Ray ndo kabisa tarehe zenyewe zinakikataa, nitakifikia. Kwa hiyo twende taratibu maana humu ndani kuna mambo kama matatu yamefungwa fundo moja na watu wanayavuta kwa pamoja.

Kwanza dogo mwenyewe. Jina lake Montero Hill, kazaliwa Aprili 1999, kakulia Lithia Springs, mji mdogo tu magharibi ya Atlanta kule Georgia. Kaacha chuo baada ya mwaka mmoja ili afanye muziki, muziki haulipi, anakaa kwa dada yake na dada keshaanza kuchoka naye, usingizi mbovu, ila kitu kimoja alikuwa anakijua kuliko mastaa wengi nacho ni mtandao. Alishakaa Twitter muda mrefu anaposti vichekesho, anajua kabisa kitu cha sekunde kumi kinasambaa vipi. Mwishoni mwa 2018 akakutana na biti mtandaoni, akainunua kwa dola 30. Dola 30! Elfu sabini hivi ya wakati ule, hata kukodi spika za kipaimara hupati.

Biti ilitengenezwa na kijana wa Uholanzi anaitwa YoungKio, miaka 19, anatengeneza chumbani kwake anapakia mtandaoni anauza kwa yeyote atakayejitokeza. Na ile sauti ya banjo wala hajaipiga yeye, kaikata kutoka kwenye kipande cha Nine Inch Nails cha mwaka 2008, kinaitwa 34 Ghosts IV, hawa ni watu wa roki ya mitambo na kelele, giza giza hivi, hawana uhusiano wowote na Nashville, makao makuu ya kantri. Ona sasa mchanganyiko: banjo ya bendi ya roki ya Marekani, ngoma za trapu, ile hip hop ya besi nzito, zilizopangwa na Mholanzi, mwimbaji wa Georgia anayejifanya mchunga ng'ombe aliyekimbia kwao na farasi. Mpaka hapo mtu akikuuliza hii ni muziki wa aina gani una haki ya kukuna kichwa. Mwenyewe alikuwa na jibu lake rahisi, aliita kantri trapu, na baadaye alipoulizwa na jarida la Time akasema si hii wala si ile bali zote mbili, na kwamba ilipaswa kukaa kwenye chati zote mbili.

Ikatoka tarehe 3 Desemba 2018. Kesho yake tu, kabla hajajulikana na mtu, dogo akaandika Twitter akiomba watu wamsaidie kumpata Billy Ray Cyrus kwenye wimbo. Hapo watu walicheka wakapita. Mwanzoni mwa 2019 TikTok wakaidaka, ule mchezo wa mtu anakunywa kitu halafu besi ikidondoka ghafla amevaa kofia ya kauboi na buti, ukasambaa mashuleni huko, na ngoma ikaanza kupanda yenyewe bila radio, bila matangazo, bila lebo.

Sasa chati. Hapa ndo penye fundo la kwanza na wengi huwa wanaparuka.

Billboard hawana chati moja, wana msululu. Kuna Hot 100, hiyo ni ya nyimbo zote Marekani bila kujali ni za aina gani. Halafu kuna za vikundi, na kwa kantri peke yake zipo mbili ambazo lazima uzitenganishe la sivyo hutaelewa chochote. Moja ni Country Airplay, hii inahesabu kitu kimoja tu, stesheni za radio za kantri zimepiga wimbo kiasi gani. Nyingine ni Hot Country Songs, na hii mpaka mwaka 2012 ilikuwa nayo inahesabu radio za kantri tu, ila Oktoba ya mwaka huo wakabadilisha hesabu: sasa wanajumlisha mauzo, watu wanaosikiliza mtandaoni, na kupigwa kwenye radio za aina ZOTE, si za kantri peke yake.

Ni badiliko kubwa kuliko linavyosikika. Zamani swali la "huu wimbo ni kantri?" lilikuwa linajibiwa na watangazaji wa radio za kantri, wakiupiga umo, wasipoupiga haumo. Baada ya 2012 mashine ya kuhesabu haijui kantri ni nini, mtu akisikiliza wimbo kwenye simu yake ni namba tu, kwa hiyo lazima akae binadamu ofisini kwanza aamue wimbo gani unaruhusiwa kuhesabiwa humo na upi hauruhusiwi. Yaani mlango ulihama kutoka kwa radio ukaenda kwa watu wa Billboard wenyewe. Na wiki ile ile waliyobadilisha, Taylor Swift na We Are Never Ever Getting Back Together akaruka mpaka namba moja ya kantri, wimbo ambao ni popu kuanzia kichwani mpaka kwenye kisigino na ulikuwa unapigwa na radio za popu. Watu wa kantri walipiga kelele sana, ila haukutolewa. Kumbuka hilo.

Basi, chati ya tarehe 16 Machi 2019, Old Town Road inaingia sehemu tatu kwa mpigo: Hot 100 nafasi ya 83, chati ya hip hop na R&B nafasi ya 36, na Hot Country Songs nafasi ya 19. Wiki inayofuata ukitazama kantri, hayupo. Hakuna tangazo wala barua, kimya. Jarida la Rolling Stone ndo likaja kulitoa hadharani tarehe 26 Machi, na Billboard wakajibu kwamba wimbo unagusa mambo ya kantri na ya makauboi lakini hauna vya kutosha vya kantri ya leo kwa namna ulivyo, na kwamba kitu cha kwanza wanachoangalia ni utunzi wenyewe wa muziki. Walipoulizwa kuhusu rangi wakasema rangi haikuhusika.

Kwa hiyo anayesema "alifukuzwa akiwa namba moja ya kantri" anaongeza chumvi, alikuwa wa 19. Ila ukitaka kuwa wa haki ongeza na hili: Hot 100 na Hot Country Songs zinatumia hesabu ya aina moja, kwa hiyo wimbo ukiwa wa kwanza kwenye nyimbo zote za Marekani, na ukaruhusiwa kuhesabiwa kantri, lazima uwe wa kwanza kantri. Haiwezekani uwe wa kwanza shule nzima halafu darasani kwako uwe wa pili. Na wiki chache baadaye ndo alikuwa wa kwanza shule nzima. Wao walimtoa darasani kabla matokeo hayajatoka.

Sasa je, sababu yao ina mashiko? Hapa na mimi nina maoni yangu. Neno linalonikera ni "kantri ya leo". Wangesema kantri ya zamani, ya kina Hank Williams, ningenyamaza, hakuna ubishi, Hank hakuwa na besi za kutikisa glasi. Lakini wamesema ya leo, na ya leo tunayo ushahidi wake kwenye chati hiyo hiyo. Florida Georgia Line walikaa wiki 24 namba moja ya Hot Country Songs na Cruise, na kilichoisukuma sana ni remiksi ya 2013 waliyofanya na Nelly, rapa kabisa huyo. Sam Hunt na Body Like a Back Road wiki 34, yule jamaa nusu ya wimbo anaongea kwa mdundo, akifanya hivyo mtu wa Temeke tunamwita rapa. Meant to Be ya Bebe Rexha, huyu ni dada wa popu kutoka New York, akiwa tena na Florida Georgia Line, wiki 50. Hamsini. Zote zina makofi ya mashine, zote zina besi, na kwenye baadhi banjo utaitafuta kwa tochi. Hakuna hata moja iliyoambiwa haina vya kutosha.

Wenye kuitetea Billboard wana hoja nao na si ya kijinga. Wanasema hao wote walikuwa wanapigwa na radio za kantri, wana lebo Nashville, mashabiki wa kantri wanawajua, wakati Lil Nas X hakuna stesheni ya kantri iliyokuwa inampiga wakati ule, alichofanya ni kujaza tu neno kantri pale unapopakia wimbo iTunes na SoundCloud. Na kuna jambo ambalo mashabiki wake hawapendi kulisikia, Danny Kang, meneja wa msanii mwingine, Mason Ramsey, aliiambia Rolling Stone kwamba ilikuwa ni ujanja, kule kantri foleni ni fupi na kupanda juu ni rahisi kuliko kupambana kwenye hip hop. Kwa hiyo, kama ni kweli, dogo si malaika aliyeonewa akiwa amelala, alijua anachofanya, alipita dirishani akijua mlango una mlinzi.

Lakini hoja hiyo ukiiangalia vizuri imebadilisha swali bila kutuambia. Tulianza na "muziki wake ni kantri?" tumemaliza na "anafahamika na watu wa kantri?" Hayo ni mambo mawili. La kwanza ni sikio, la pili ni ukoo. Ba'mkubwa alikuwa anauliza la kwanza. Kule Kenya kantri ina wenyewe kabisa, wana mpaka msanii wao Elvis Otieno, Sir Elvis wanamuita, na hakuna anayemuuliza kama Nashville wanamjua, akiimba watu wanasikia kantri, basi. Hata sisi tunayo hii ya ukoo, kaa na wazee wa Zanzibar waliozoea taarab ya vinanda na qanuni uwaambie rusha roho nayo ni taarab hiyo hiyo uone utakavyotazamwa. Tofauti ni kwamba kwa wazee wa Zanzibar ubishi unaishia barazani, kule Marekani ukoo una historia ya rangi, na hili ndo fundo la pili.

Rudi nyuma miaka mia. Mwaka 1920 lebo za Marekani zikagundua watu weusi wananunua santuri, wakaanzisha orodha yao ya pembeni wakaiita "race records", yaani rekodi za rangi. Mwaka 1923 mtu wa lebo ya Okeh anaitwa Ralph Peer akaenda Atlanta akamrekodi mzee mzungu mpiga fidla, Fiddlin' John Carson, yeye binafsi aliona ni kituko tu lakini ikauzika vibaya mno, ikabidi waanzishe orodha nyingine ya wazungu wa vijijini, wakaiita hillbilly. Huyo ndo mama wa kantri. Sasa usifikiri vijijini muziki ulikuwa umegawanyika hivyo, wapi, weusi kwa weupe kule kusini walikuwa wanapiga nyimbo zile zile kwenye ngoma za Jumamosi, banjo yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watumwa. Kilichogawanywa ni rafu za dukani. Mweusi akirekodi wimbo wa fidla anawekwa rafu hii, mzungu akirekodi bluzi anawekwa rafu ile. Rafu ikazaa chati, chati ikazaa radio, radio ikazaa ukoo, na vizazi vitatu baadaye mtu anaamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba kantri ni ya wazungu kwa asili. Na hiyo rafu ya hillbilly ilianzia Atlanta, dakika chache kwa gari kutoka alikokulia Montero Hill.

Sipigi porojo, angalia vituko vilivyofuata. DeFord Bailey, mweusi, mpuliza kinanda cha mdomo, alikuwa nyota wa Grand Ole Opry, kipindi kikubwa cha kantri radioni, tangu miaka ya 20, akaachishwa 1941, akaishia kung'arisha viatu Nashville kuendesha maisha. Billboard walipoanzisha chati yao ya kwanza ya aina hii Januari 1944, ilikuwa inahesabu tu nini kinapigwa kwenye majuki ya baa, yale masanduku unatumbukiza sarafu linapiga santuri, na mwaka huo huo Louis Jordan na Nat King Cole, weusi wote wawili tena watu wa jazi, wakafika namba moja humo! Maana mashine ya baa haijui rangi, inajua sarafu. Halafu milango ikaanza kufungwa vizuri. Mwaka 1962 Ray Charles akauchukua wimbo wa kantri wa Don Gibson, I Can't Stop Loving You, ukawa wa kwanza Hot 100 kwa wiki tano. Chati ya kantri? Haukuonekana hata nafasi ya mwisho. Mwaka 1966 lebo ya RCA ikatoa singo ya kwanza ya Charley Pride, wakawapelekea watangazaji bila picha yake, wampende kwanza sauti. Wakampenda. Mpaka anamaliza alikuwa na nyimbo 29 namba moja za kantri.

Kwa hiyo Billboard wanaposema rangi haikuhusika mimi siwaiti waongo. Naamini kabisa pale ofisini hakuna aliyesema tumtoe huyu ni mweusi. Hawakuhitaji kusema. Ukuta ulishajengwa 1923, wao walikuwa wanausimamia tu na kuupaka chokaa.

Haya, fundo la tatu, tuje kwa Billy Ray.

Billy Ray Cyrus mwenyewe alishapitia haya, 1992 alitoka na Achy Breaky Heart ikapasua dunia, na wakubwa wa Nashville wakamcheka miaka na miaka kwamba ule si muziki, ni mchezo wa watoto. Kwa hiyo aliposikia kuna dogo katolewa hakuhitaji kushawishiwa sana. Akaandika Twitter akishangaa ni kipi hapo si kantri, banjo ipo, kiitikio kipo, unataka nini tena. Remiksi ikatoka Ijumaa tarehe 5 Aprili 2019, na mzee kaimba vizuri kweli, yale mashairi ya kujisifia magari na magitaa kwa sauti ya mchunga ng'ombe, safi sana.

Ila sasa angalia tarehe. Old Town Road ilitangazwa namba moja ya Hot 100 kwenye chati ya tarehe 13 Aprili. Kusikilizwa mtandaoni na mauzo ya chati hiyo yalihesabiwa mpaka tarehe 4 Aprili. Nne. Remiksi imetoka tano. Yaani ile ngoma ya dakika moja na sekunde 53, ya biti ya dola 30, ilipanda kileleni yenyewe, kwa kusikilizwa mara milioni 46.6 Marekani ndani ya wiki moja, na kilichoisukuma zaidi ya TikTok ni zile kelele za kutolewa kantri. Mtu ambaye hakuwahi kuisikia aliifungua ili aone ni kitu gani hicho kimekatazwa. Ukitaka mtoto aonje sufuria mwambie usifunue.

Alichofanya Billy Ray ni kingine na ni kikubwa, alifanya isishuke. Wiki iliyofuata, remiksi ikiwa hewani, ilisikilizwa mara milioni 143, rekodi ya Marekani, ikampita Drake aliyekuwa na milioni 116 kwa In My Feelings. Hapo dogo na lebo yake, Columbia walishamsaini mwezi Machi, wakashtukia utamu: kwenye hesabu za Billboard remiksi zote zinajumlishwa kapu moja na wimbo wenyewe. Ikaja ya Diplo. Ikaja video mwezi Mei, Chris Rock yumo. Julai wakamleta Young Thug pamoja na Mason Ramsey, yule mtoto aliyejulikana kwa kuimba Hank Williams ndani ya supamaketi. Ikaja mpaka ya RM wa BTS. Kila ikianza kupoa wanatia kuni. Taylor Swift aligonga mlango mara mbili akaishia wa pili, Ed Sheeran na Justin Bieber wa pili, Shawn Mendes na Camila Cabello wa pili, Billie Eilish wiki tisa wa pili kabla ya kuitoa mwisho wa Agosti. Wiki 19 kileleni, wakati rekodi ilikuwa 16, ya Mariah Carey na Boyz II Men tangu 1996 iliyokuja kusawazishwa na Despacito 2017.

Na hapo katikati, Juni 30, akiwa namba moja, akaweka wazi kwamba ni shoga. Rapa mweusi kijana kwenye kofia ya kauboi, wiki ambayo wimbo wake unaimbwa na watoto wa shule ya msingi, na kweli alishawatembelea watoto wa shule moja kule Ohio mwezi Mei baada ya video yao kusambaa, wale watoto wanavyoruka utadhani kaingia Baba Krismasi mwenyewe. Wengi walidhani ataporomoka. Hakuporomoka.

Sasa turudi kwenye swali la mapokezi upande wa kantri wenyewe, maana hapa ndo utaona kwamba hawakuwa kitu kimoja. Billboard hata baada ya remiksi, mzee wa kantri kabisa yumo ndani anaimba, hawakuurudisha Hot Country Songs. Wakati huo huo radio kadhaa za kantri zikaanza kuupiga, kwa hiyo ukaingia kwenye ile chati nyingine, Country Airplay, ambayo inahesabu kupigwa tu na haina mtu wa kukuzuia. Yaani wimbo ukawa kwenye chati ya radio za kantri lakini haumo kwenye chati ya nyimbo za kantri. Mimi nilisoma hiyo mara mbili. Ila huko radio nako haukwenda mbali, uliishia nafasi ya 50, na hapo ulikuwa unapigwa kwenye kila simu, kila harusi, kila kituo cha mafuta cha nchi hiyo. Novemba 2019 chama cha muziki wa kantri, CMA, kikampa tuzo ya kolabo bora ya mwaka, hiyo moja. Januari 2020 Grammy wakawapa mbili, ya video na ya kundi la popu. Popu. Kila nyumba ilimkaribisha ukumbini, ya kantri ilimpa chai ya barazani.

Baada yake mambo yamebadilika kiasi, si kwa ghafla. Februari 2024 Beyoncé akatoa Texas Hold 'Em, kuna stesheni ya kantri Oklahoma iliombwa na shabiki ikajibu sisi hatupigi Beyoncé, watu wakaishukia mtandaoni, ndani ya siku hiyo hiyo ikaupiga. Tofauti na 2019, safari hii Billboard waliuweka kantri tangu mwanzo na ukawa namba moja ya Hot Country Songs, mwanamke mweusi wa kwanza. Albamu yake ikaja kubeba Grammy ya albamu bora ya kantri mwaka uliofuata. Halafu Shaboozey, kijana wa Virginia mwenye wazazi Wanaijeria, A Bar Song, ambayo kiitikio chake kimejengwa juu ya ngoma ya rapu ya J-Kwon ya 2004, hesabu ile ile kabisa ya kantri na hip hop. Huyu hakuna aliyemtoa popote. Radio za kantri zilimpandisha mpaka namba moja, na Hot 100 akakaa kileleni wiki 19, sawa sawa na Old Town Road. Lil Nas X alipohojiwa na BBC alisema amefurahi, ila angependa na yeye ingemtokea hivyo.

Ba'mkubwa nilimpelekea remiksi baadaye, ile ya Billy Ray, nikamwambia huyu sasa ni mzee mwenzako. Akasikiliza, akasema "huyu ndo ana ng'ombe". Nikamwambia ba'mkubwa biti ni ile ile, maneno ni yale yale, kaongezeka mtu tu. Akanyamaza kidogo. Akasema rudisha ile ya kwanza.

Rekodi za Billboard ziko wazi mtu yeyote anaweza kufungua, hazijabadilishwa. Old Town Road, Hot Country Songs: nafasi ya juu 19, wiki 1. Hot 100: nafasi ya juu 1, wiki 19 kileleni.